Namba za ziwa zimelala kwenye kabati la nani?

Kwa wasomaji wapya: mimi ni fundi sanifu mstaafu wa vipimo vya maji. Kwa miaka ishirini na sita nimesoma geji kwenye Ziwa Victoria na kwenye mito inayoingia humo, kuanzia Simiyu hadi huu Mirongo wetu unaokatiza katikati ya jiji la Mwanza ukibeba kila kitu isipokuwa maji safi. Mwezi huu barua zenu zimegongana kwenye jambo moja, kwa hiyo nazijibu pamoja.

Shikamoo mzee. Sisi ni kikundi cha akina mama tunaoanika dagaa mwaloni, upande wa Igombe. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza vichanja vyetu pamoja na choo. Sasa tumepata mkopo na tunataka kujenga upya, ila safari hii tukasema tuulize kwanza maji huwa yanafika wapi. Ofisi ya kwanza ikatutuma ya pili. Ya pili wakasema wao ni wa mito, si wa ziwa. Ya tatu wakatuandikia kwenye kikaratasi: 1.87. Tukauliza, 1.87 kutoka wapi? Wakajibu ndivyo ilivyoandikwa. Je, namba hizi ni siri ya serikali?
*Katibu wa kikundi, Igombe*

Marahaba, mama katibu. Si siri. Ingekuwa siri ningekuelewa zaidi, maana siri ina mwenyewe. Namba hizi zina wenyewe wengi, na kila mmoja anajua kipande chake tu.

Ngoja nikueleze hiyo 1.87. Geji ni bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, lina mistari myeusi ya sentimita, limefungwa kwenye nguzo iliyosimikwa majini. Saa tatu asubuhi unakwenda na daftari na penseli. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino ukipata maji unakimbia. Unafuta ukijani kwenye bamba kwa kiganja, unasubiri. Wimbi likipanda unasoma 1.91, likishuka 1.83. Unarudia mara tatu nne, unachukua katikati: 1.87. Halafu unamfukuza kijana aliyefunga mtumbwi wake kwenye nguzo, na kesho yake unamkuta ameufunga tena.

Kwa hiyo 1.87 ni mita moja na sentimita 87 juu ya sifuri ya nguzo ile. Nguzo ya pili, hata ikiwa ng'ambo ya ghuba hiyohiyo, inaweza kusoma 2.40 siku hiyohiyo na zote mbili zikawa kweli, kwa sababu kila moja ilisimikwa na fundi wake pale alipoona panafaa. Ofisi nyingine haiandiki hivyo kabisa, inaandika urefu kutoka usawa wa bahari, na hapo utakuta mita 1,130 na ushee. Ziwa ni lilelile. Namba bila sifuri yake ni kama mtu kukwambia "nimepanda ngazi tano" bila kusema alianzia ghorofa ya ngapi.

Na hapa niungame. Kuna mwaka boti iligonga nguzo yangu ikaanguka. Tukaisimika upya, ikakaa sentimita 14 chini zaidi ya mwanzo. Nililiandika hilo kwenye jalada la daftari langu. Kwenye fomu iliyokwenda ofisini sikuandika, nilikuwa na haraka ya kuwahi basi. Miaka baadaye mtaalamu mmoja kijana akaniita, amechora mchoro mzuri wa rangi, ananionyesha jinsi ziwa "lilivyopanda" sentimita 14 kwa usiku mmoja. Ziwa lote hili lina kilomita za mraba karibu 68,800. Piga hesabu: ni kilomita za ujazo zaidi ya tisa za maji, na zote zilitoka kwenye penseli yangu.

Sasa mfanye nini? Rudini ile ofisi ya tatu mkiwa na maswali matatu tu: geji gani, sifuri yake iko wapi, ilisomwa tarehe ngapi. Wakishindwa kujibu, kikaratasi hicho fungieni vitumbua.

Lakini ninyi wenyewe mna geji bora kuliko mnavyodhani. Geji ya Jinja, kule Uganda ziwa linapotokea kuwa Mto Nile, ina rekodi ya zaidi ya miaka mia moja. Humo, hadi 2020, kuna vilele viwili. Cha kwanza ni Mei 1964, baada ya zile mvua za mwishoni mwa 1961 ambazo wazee waliziita mvua za Uhuru: 13.41. Cha pili ni Mei 2020, ule mwezi uliowamezea choo: 13.42. Tofauti ni sentimita moja, unene wa kidole. Maana yake alama ya maji ya 2020 ilikuwa, hadi mwaka huo, alama ya juu kabisa ambayo ziwa hili limewahi kuandikiwa na geji ile; Mei 2024 maji yakapita hapo tena, kwa hiyo alama ya 2024 kama ipo kwenu, shikeni hiyo. Kama kuna ukuta au mwembe wenye ule mstari wa tope, piga rangi juu ya mstari huo leo, kabla mvua haijaufuta. Mwombeni mpima wa halmashauri auhamishe kwa chombo chake hadi kwenye kiwanja chenu. Kisha ongezeeni kimo cha wimbi la upepo mkali, kwa sababu geji hupewa wastani, ila choo hakipigwi na wastani.

Lipo na suala la mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Watu huishika ile 60 wakasahau ukingo. Kati ya 2006, ziwa lilipokuwa limeshuka sana, na 2020, maji yalipanda takriban mita tatu. Kwenye mwalo wenu wenye mteremko mdogo, tuseme ardhi inapanda mita moja kila unapotembea mita 50, mita tatu za kwenda juu ni mita 150 za kwenda nchi kavu. Aliyepima 60 zake mwaka 2006 alikuwa amejenga ziwani, ila maji yalikuwa hayajarudi nyumbani. Vichanja vinahamishika, hivyo visiwanyime usingizi. Choo ndicho kiende juu kabisa.

Mzee, naandika tasnifu kuhusu Mto Simiyu. Mvua nimepewa kwa mwezi, maji ya mto kwa siku, tena kwenye karatasi zilizopigwa picha kichwa chini. Kituo kimoja kina majina matatu. Nina haki gani, na nianzie wapi?
*Mwanafunzi, Nyegezi*

Haki unayo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016, inampa raia nafasi ya kuomba taarifa kwa maandishi, na mwenye taarifa anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua yako isiseme "naomba data za Simiyu". Sema kituo, tarehe ya kuanzia na kuishia, kipimo, na kwamba unataka jedwali la kompyuta, si picha. Ukiandika jumla utajibiwa jumla. Na ulizia ada mapema, usije ukaikuta mlangoni.

Majina matatu nayajua. Fundi mmoja aliandika jina la daraja, mwingine la kijiji, wa tatu la mwenyekiti wa kijiji aliyempa kiti. Usiamini jina. Tafuta namba ya kituo, au nenda na simu usimame pale, uchukue majiranukta yake, yaani zile namba za mahali kwenye ramani.

Kwa usawa wa maji ya ziwa, hata barua huhitaji. Satelaiti zenye rada zimekuwa zikipima uso wa ziwa letu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mojawapo ya zile za mwanzo, TOPEX/Poseidon, ilirushwa 1992 na ilipita kilomita 1,336 juu ya vichwa vyetu. Namba hizo ziko wazi kwenye intaneti, bure. Mimi hili huniuma kidogo: kijana wa Ufaransa anaona ziwa la Mwanza akiwa kitandani, wewe uliyeko Nyegezi, unayeliona kwa dirisha, unaambiwa rudi Jumatatu.

Mzee, unatuchongea. Sisi tuliomo maofisini tunajua data nyingi ni ghafi. Tukiziachia, kesho gazeti litaandika ziwa linakauka. Tena kila taasisi ina sheria yake na bosi wake. Kosa likitokea, atalaumiwa nani?
*Afisa, jina nimelihifadhi*

Ndugu yangu, nilikuwa wewe. Mtu akija kwangu nilimdai barua yenye muhuri, akija na muhuri nilimwambia bosi yuko safari. Sikuwa na ubaya. Niliogopa tu zile sentimita 14.

Lakini tuangalie jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi kwa kweli. Mirongo ukifurika Mabatini, mtu wa kwanza anayepaswa kujua ni mwenye kipimo cha mvua, kwa sababu mvua hutangulia mto. Kipimo cha mvua kilikuwa ofisi moja, geji ya mto ofisi nyingine. Mvua ya uwanja wa ndege niliipata vipi? Kwa kumpigia simu rafiki yangu. Kila asubuhi, "umepata ngapi leo?", naye ananitajia milimita, tunataniana, tunakata. Alipohamishiwa Tabora, ushirikiano wa taasisi mbili za serikali ukaishia hapo.

Hofu yako ya data ghafi ina dawa ya zamani. Wamarekani walianza kufundisha watu wao kupima mito mwishoni mwa miaka ya 1880, kwenye kijiji cha Embudo, New Mexico. Leo shirika lao la jiolojia linatoa vipimo vya maelfu ya vituo karibu papo kwa papo, na kila namba mpya ina neno pembeni linalosema hii ni ya muda, haijahakikiwa. Ikishahakikiwa, neno linabadilika. Basi. Mwandishi wa habari akiikuza, neno lile linakulinda wewe. Ukiificha, huna la kujitetea nalo.

Kuhusu mabosi na sheria, Wamarekani nao waligonga ukuta huohuo. California walipitisha sheria mwaka 2016 ya kuzitaka idara zake ziweke data za maji mahali zinapoweza kusomwa pamoja, na New Mexico wakafuata na Sheria yao ya Data za Maji mwaka 2019. Ninachokipenda ni kwamba hakuna aliyenyang'anywa kabati. Kila idara inabaki na vipimo vyake, inavitunza na kuviwajibikia. Kinachofanana ni majina ya vituo, vipimo, tarehe na maelezo ya sifuri, ili namba ya idara hii ikikaa kando ya namba ya idara ile zisikilizane.

Sisi tuna mabonde tisa nchini na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Mito na ziwa vina bodi ya bonde, visima vya vijijini vina RUWASA, bomba la mjini lina mamlaka yake, mvua ina wenyewe, samaki wana watafiti wao wanaopima joto la maji na hewa iliyomo. Na ziwa lenyewe tunagawana na Kenya na Uganda, ndiyo maana kuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria kule Kisumu. Sidai tujenge jumba jipya lenye kompyuta mia. Mara ngapi tumeletewa mfumo, mfadhili akaondoka, neno la siri likaondoka naye? Nadai orodha moja. Kurasa chache: kila kituo, jina moja, namba moja, sifuri yake, nani anakisoma na simu ya ofisi yake. Hiyo inaandikwa na watu watano kwenye meza moja ndani ya wiki mbili, chai ikiwepo.

Na atakayelaumiwa, kwa lile la nguzo, ni mimi. Nimeshalichapa hapa.

Babu, 13.42 ina maana ziwa lina kina cha mita 13?
*Darasa la sita, Kirumba*

Hapana, mjukuu wangu. Hiyo ni juu ya sifuri ya geji ya Jinja, si kutoka chini ya ziwa. Ziwa pale penye kina kirefu zaidi ni mita 80 hivi. Usiende kuhakikisha.

Mzee, yale madaftari yako bado unayo? Au nayo yako kabatini?
*Msomaji, Ukerewe*

Umenikamata. Yako kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kumi na moja. La kumi na mbili lililiwa na mchwa, na lilikuwa la 1998, baada ya mvua za El Niño, ndilo ambalo ningelitaka kuliko yote. Wiki mbili zilizopita nilimchukua kijana wa stationari ya jirani, tunayapiga picha ukurasa kwa ukurasa, yeye anaingiza namba kwenye jedwali, mimi nimekaa pembeni na miwani. Moja yangu na saba yangu zinafanana, kwa hiyo tunabishana sana. Jalada la kila daftari tunalipiga picha pia, mbele na nyuma. Jana jioni umeme ulikatika tukiwa Machi 1994.