Kupunguza gharama za bwawa na sakafu ya nje

Ndugu, umeuliza namna ya kujenga bwawa la kuogelea na sakafu ya kupumzikia nyuma ya nyumba bila kumaliza akiba yako. Mimi ningeanza na kina: bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha mita 2 hubeba mita za ujazo 64, ilhali likiwa na kina cha mita 1.4 hubeba takribani 45, hivyo uchimbaji, zege, maji na dawa hupungua, ingawa kupiga mbizi humo kusiruhusiwe kabisa. Sakafu inaweza kusubiri, mradi mabomba na nyaya vilazwe kwanza, kwa kuwa kuvunja vigae vipya ni hasara iliyonipata mwenyewe. Usibane matumizi kwenye nondo, uzio wala umeme; mhandisi apime udongo kabla ya kuchimba, na pampu ifungwe na fundi umeme mwenye leseni.