Breki ya mtutu au kizima mwali? Fundi anajibu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kile kipande cha chuma kinachofungwa mdomoni mwa mtutu wa bunduki. Nimezifupisha, ila maswali ni yenu.

Fundi, dukani nimeonyeshwa breki na kizima mwali. Vyote vina matundu, vyote vyeusi. Tofauti iko wapi?

Chungulia ndani. Breki ina kuta zinazoikabili gesi, na matundu yake yanafunguka ubavuni, mengine yakielekea nyuma kidogo. Risasi ikishapita, gesi inayoifuata inazigonga kuta hizo na kuivuta bunduki mbele, ndiyo maana teke, yaani pigo la bunduki begani, linapungua.

Kizima mwali hakina kuta za namna hiyo. Mara nyingi ni uma wa meno matatu au manne, au kikapu chenye mipasuo mirefu. Ule mwali mkubwa wa moto unaouona usiku hutokea nje ya mtutu: gesi inatoka ikiwa bado na hidrojeni na monoksidi ya kaboni ambazo hazijaungua, na zikichanganyika na oksijeni zikiwa za moto, zinawaka. Kifaa kinaivuruga na kuitawanya gesi hiyo mapema ili isiwake. Teke hakiligusi kwa kiasi cha kukufaa.

Nawinda kwa raifo ya .300 Winchester Magnum, kaliba (saizi ya risasi) yenye nguvu kubwa. Nikipiga risasi kumi za mazoezi bega linavimba, na siku hizi nimeanza kufumba macho kabla ya kuvuta. Niweke breki?

Kufumba macho ndilo tatizo lako kubwa, kuliko bega. Ukishaanza kuiogopa bunduki, shabaha imekwenda.

Breki itakufaa kwa sababu ya wingi wa baruti. Kaliba hiyo inasukuma risasi ya gramu 11.7 kwa baruti ya gramu 4 na nusu hivi, na karibu baruti yote inageuka gesi inayotoka kwa kasi kuliko risasi yenyewe. Kwa hiyo fungu kubwa la teke lako linatokana na gesi, na hapo breki inapata cha kushika. Iliyotengenezwa vizuri inaweza kupunguza nguvu ya teke hata kufikia nusu. Faida nyingine wawindaji huigundua baadaye: darubini ya bunduki haikurukii usoni, kwa hiyo unaona mwenyewe risasi imetua wapi.

Ila kabla hujatoa hela, kagua kitako. Kikiwa kifupi au kirefu kuliko mkono wako, au mto wake wa mpira umekauka ukawa kama ubao, unaumia bure. Mto mpya ni rahisi kuliko breki na haukuongezei kelele. Maana breki ina kelele, na wawindaji wengi porini huwa masikio wazi. Ukiifunga, vikinga masikio ni vya lazima hata kwa risasi moja. Wapo wanaofanya mazoezi na breki, kisha wanaifungua siku ya kuwinda. Ni sawa, mradi umeshapiga na kurekebisha shabaha bila breki, kwa sababu risasi inaweza kutua pengine.

Na kwenye bunduki ndogo ya .22 ya kulenga makopo?

Urembo tu. Baruti yake ni kidogo mno kuipa breki kazi.

Jirani yangu kwenye uwanja wa shabaha ameweka breki. Kila akipiga nahisi nimezabwa kofi. Nakuza mambo?

Hukuzi. Mlio wa raifo isiyofungwa kifaa chochote mdomoni kwa kawaida unafika desibeli 160 hivi, na wataalamu wa masikio wanataja 140 kuwa kiwango ambacho mlio mmoja tu unaweza kudhuru. Breki inaigeuza gesi pembeni na nyuma, na sauti inafuata njia hiyohiyo, kwa hiyo mpigaji na walio ubavuni mwake wanapata desibeli kadhaa zaidi. Usizione chache: kila desibeli 3 ni nishati ya sauti mara mbili.

Vaa plagi ndani ya sikio na vikinga juu yake, vyote viwili. Mwombe akae benchi la mwisho. Mwenye breki ndiye anayepaswa kusogea, na muungwana hasubiri kuambiwa.

Kizima mwali kitanificha nisionekane usiku?

Hapana, dada. Aliye mbele yako bado anaweza kuona mwanga na anausikia mlio. Kinachookolewa ni macho yako: jicho huchukua hadi nusu saa kulizoea giza vizuri, na mwali mmoja mkali unakurudisha mwanzo. Urefu wa mtutu na aina ya baruti vina kauli pia, kwani mtutu mfupi hutoa mwali mkubwa zaidi.

Ukichagua cha uma ulio wazi mbele, jua kwamba hunasa majani. M16 za mwanzo, raifo za jeshi la Marekani, zilikuwa nacho, kikawa kinashika nyasi na mitambaa kule vitani Vietnam, kikabadilishwa na kilichofungwa mbele. Baadaye toleo la M16A2 likazibwa mipasuo ya chini pia, ili mpigaji aliyelala asijitimulie vumbi.

Hakuna kimoja kinachofanya yote?

Vipo vinavyouzwa hivyo, na vingi vinafanya kila kazi nusunusu. Pale sheria inaporuhusu, kipunguza sauti ndicho kinachokaribia: kinapunguza teke, mwali na mlio kwa pamoja. Gharama yake ni urefu, uzito na joto.

Kuhusu sheria, uliza kabla ya kununua. Marekani, kwa mfano, sheria ya shirikisho ya 1994 iliyokwisha 2004 ilikihesabu kizima mwali kuwa moja ya alama za raifo zilizopigwa marufuku, lakini breki haikuwamo.

Naweza kufunga mwenyewe?

Kizima mwali cha uma, ndiyo, kama nyuzi za mtutu zinalingana nacho. Breki kwa kawaida ina upande wa juu na wa chini, kwa hiyo lazima isimame sawasawa kwa washa ya kubonyea (pete laini ya chuma inayobanwa) au vipande vyembamba vya chuma. Ikilala upande, itausukuma mtutu upande. Hakikisha tundu ni la kaliba yako, na bunduki ikiwa tupu, fundi apitishe fimbo iliyonyooka kuona kama tundu na mtutu viko kwenye mstari mmoja. Piga risasi moja, toa risasi zote, kisha angalia ukingo wa tundu la kutokea. Ukiona mkwaruzo au rangi ya shaba, usipige ya pili.