Hospisi si kumtupa mama

Pole sana dada. Saratani ya mama imeenea, nawe unauliza kama ni mapema kumkabidhi kwa hospisi, yaani huduma ya kumtuliza maumivu na kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, maana kaka zako wanasema mnamtupa. Si mapema. Anakesha kwa maumivu, na daktari ameshasema dawa haziuzuii tena ugonjwa. Mwombe barua ya rufaa. Mara nyingi hata hahamishwi: wauguzi wa Hospice Africa Uganda, iliyoanza 1993, humfuata mgonjwa nyumbani. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, hutolewa bure huko, hunywewa kila baada ya saa 4 bila kusubiri maumivu. Dozi aipange muuguzi, na aongeze dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Mama yangu alipoianza, alilala. Muulize mama yako mwenyewe anataka nini, kaka zako wakisikia.