Mdudu amepinda, lakini ni yupi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa maabara, mwaka wa pili. Kwenye mtihani wa vitendo tuliwekewa slaidi iliyopakwa rangi za Gram, zile za kugawa vijidudu kwenye makundi mawili, chanya na hasi. Nikaona vijidudu vyekundu, vyembamba, vimepinda kama alama ya mkato. Nikaandika "Vibrio cholerae", mdudu wa kipindupindu, bila kusita. Mwalimu akanipa nusu ya alama na kuandika pembeni: "Umejuaje?" Mpaka leo sina jibu la kumpa. Mtu anatofautishaje Vibrio, Campylobacter na Helicobacter kwa hadubini?
Mwenye Nusu Alama

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako ana huruma, mimi ningekupa robo.

Kwa hadubini peke yake hutofautishi, na hilo ndilo jibu ulilotakiwa kumpa. Slaidi ile inakwambia mambo mawili tu: mdudu ni Gram hasi, yaani ameshika rangi nyekundu, na amepinda. Jina lake utalipata ukishajua anaishije, yaani anataka hewa gani, joto kiasi gani, na katolewa sehemu gani ya mwili.

Anza na hilo la mwisho, maana halikugharimu kitu. Soma fomu iliyokuja na sampuli. Nimefundisha vijana wengi, na wengi wao huikimbilia slaidi huku fomu imelala chini ya kiwiko. Kama sampuli ni kinyama kilichonyofolewa ndani ya mfuko wa chakula kwa mpira wenye kamera, wa kwanza kumfikiria ni Helicobacter pylori, mdudu wa vidonda vya tumbo, ambaye makazi yake ni kwenye ute wa huko. Tumbukiza kinyama hicho kwenye midia (chakula cha maabara) yenye yurea na rangi ya kiashiria. Mdudu huyu ana kimeng'enya kikali cha kuvunja yurea: amonia inatoka na manjano inageuka waridi, pengine kabla hujamaliza kuandika namba ya mgonjwa. Vibrio cholerae na Campylobacter jejuni hawafanyi hivyo.

Kama sampuli ni choo, kesi inabaki kati ya hao wawili. Najua mkono wako utakwenda kwenye karatasi ya oksidesi, ile inayogeuka zambarau mdudu akiwa na kimeng'enya hicho, lakini hapo haikusaidii, kwa sababu wote watatu ni chanya. Kazi yake ni kuwatenga na ukoo wa E. coli na Salmonella, ambao ni hasi. Na unapoipima, tumia kijiti cha mbao au lupu (kitanzi cha kuchotea vijidudu) ya plastiki. Lupu ya waya wa nikromu inaweza kuitia karatasi zambarau yenyewe, ukashangilia waya.

Vibrio hana makuu. Anaota kwenye hewa ya kawaida, usiku mmoja tu. Anachopenda ni alkali, ndiyo maana tunamtanguliza kwenye maji ya peptoni, supu ya kuoteshea, yenye pH ya 8.5 hivi, kwa saa 6 hadi 8. Wakati wenzake wanasuasua, yeye anazaliana na kupanda juu kufuata hewa. Kwa hiyo usiitikise chupa. Chota palepale juu, upandikize kwenye agari ya TCBS, jeli ya kuoteshea iliyotengenezwa kwa ajili ya Vibrio. Kesho yake utakuta koloni (vilundo vya vijidudu vilivyozaliana) za manjano, bapa, zinazong'aa, kwa kuwa anachachusha sukrosi. Ndugu yake wa vyakula vya baharini, Vibrio parahaemolyticus, mara nyingi hubaki kijani. Ila manjano si hukumu: hata Aeromonas anaweza kukuletea manjano hiyohiyo, na ukimtazama vizuri hajapinda.

Kipimo ninachokipenda hapa ni cha uzi. Hamisha koloni kwenye agari isiyo na dawa, ziote. Weka tone la sodiamu deoksikoleti ya asilimia 0.5 kwenye slaidi safi, ukorogee koloni humo. Ndani ya dakika moja mchanganyiko unakuwa mzito kama kamasi. Inua lupu polepole, na uzi utaifuata. Unachokivuta ni DNA ya seli zilizopasuka. Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 20 na bado uzi ule ukinyanyuka huwa naita watu waje waone. Lakini hata hapo usiandike kipindupindu. Ndugu wengine wa Vibrio nao hutoa uzi, na zipo aina nyingi za V. cholerae zisizoleta milipuko. Lete antisera, maji yenye kingamwili, ya kutambua aina mbili za milipuko: O1, na O139, iliyojitokeza mwaka 1992. Mdudu akigandamana hapo, piga simu kwa daktari, usingoje karatasi.

Sasa Campylobacter, mdudu mwingine wa kuharisha. Huyu ni mtoto wa kudekezwa. Hewa ya kawaida inamuua, na akikosa oksijeni kabisa pia haoti. Mtengenezee mtungi wenye oksijeni asilimia 5, kaboni dayoksaidi asilimia 10, na nitrojeni iliyobaki. Inkubeta iwe na nyuzi 42, joto linalowachosha wengi wa jirani zake wa utumbo. Kwenye midia weka antibiotiki za kuwanyamazisha waliobaki. Martin Skirrow wa Uingereza alichapisha mchanganyiko wake wa vankomisini, polimiksini na trimethoprimu mwaka 1977, na tangu hapo maabara za kawaida zikaanza kumpata mdudu ambaye miaka yote alikuwa akiwapita. Kisha ngoja saa 48, au hata 72.

Hapo kwenye kungoja ndipo nilipoaibika. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilifungua mtungi baada ya saa 24, nikaona sahani tupu, nikazitupa na kuandika "hakuna kilichoota". Mwenzangu alikuwa na sampuli ya pili ya mgonjwa yuleyule, akaiacha siku mbili. Akaniita bila kusema neno. Koloni za kijivu, bapa, zimetambaa kufuata mstari wa lupu kama matone ya maji juu ya kioo. Nilirudi kwenye kitabu cha majibu na kalamu nyekundu.

Nilijifariji baadaye niliposoma habari za Perth, Australia. Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wakiotesha vinyama vya tumbo, na sahani zikitupwa baada ya siku mbili bila kitu. Pasaka ya mwaka 1982 zikasahaulika kwenye inkubeta siku tano kwa sababu ya sikukuu. Helicobacter akaota. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Na slaidi yako? Rudi uitazame. Kama vijidudu vilikuwa vimeshikana viwili viwili kama herufi S, au kama mabawa ya ndege aliye mbali, na rangi imefifia, mimi ningemshuku Campylobacter. Safranini, rangi nyekundu ya mwisho ya Gram, humshika kidogo sana. Rudia kwa kaboli fuksini, nyekundu yenye nguvu zaidi. Koloni zikizeeka utakuta vijidudu vimegeuka viduara tu, usidhani umechafua sahani. Akishaota, kipimo cha hipureti, cha kuona kama anaivunja kemikali hiyo, kitakupa jina la pili: jejuni kwa kawaida ni chanya, coli ni hasi.

SWALI: Bibi, mimi si mtaalamu. Karatasi yangu ya majibu ya choo imeandikwa "Campylobacter", na shemeji yangu anadai ndilo jina la kitaalamu la kipindupindu. Niogope?
Mwenye Tumbo

JIBU: Mwambie shemeji hapana. Hao ni wadudu wawili tofauti. Wamefanana mgongo tu. Wa kwako mara nyingi hutoka kwenye kuku asiyeiva vizuri au maziwa mabichi, na wengi hupona ndani ya wiki bila antibiotiki. Kunywa maji ya ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari, kila unapoharisha. Ukiona damu kwenye choo, homa haishuki, au mkojo umekauka, nenda ukamwone daktari na karatasi hiyo mkononi. Na wiki chache zijazo miguu ikianza kufa ganzi au kulegea kuanzia chini kwenda juu, usilale nyumbani. Ni nadra, lakini mdudu huyu huweza kuuchochea mwili ushambulie mishipa yake ya fahamu, na hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.