Daktari Alisoma Faili, Hakupima Mirija

Kama unaishi na VVU na mwaka umepita mnatafuta mtoto bila kufanikiwa (au miezi sita, kama umevuka miaka 35), usikubali virusi vibebe lawama zote. Mimi nilikubali, nikapoteza miaka mitatu.

Daktari wa kwanza alifungua faili, akaona VVU, akalifunga. "Mama, shukuru una afya." Hakuniuliza hata hedhi yangu inakujaje. Nilitoka nikiona aibu kwa kutamani mtoto.

Wa pili aliniuliza kama nimewahi kuugua kifua kikuu. Niliwahi, kabla sijaanza ARV. Akanipeleka kupiga picha ya mirija ya uzazi, ile inayopitisha mayai. Kwenye skrini niliona dawa ya picha ikijaza mfuko wa uzazi, pembetatu ndogo nyeupe, kisha ikasimama kwenye pembe zote mbili. Nikasubiri ipite. Haikupita. TB huweza kufika kwenye mirija ikaiziba kimyakimya. Nililia sana, ila sasa nilijua ninachokililia.

Kwa hiyo dai vipimo: mirija, homoni, na mbegu za mume pia. Kabla ya hapo, jua wingi wa virusi vyako. Ukiwa chini ya nakala 200 kwa mililita na unameza dawa kila siku, humwambukizi mwenzi wako kwa kujamiiana. Utafiti wa PARTNER wa 2016 ulifuatilia wenza wasiotumia kondomu, mmoja ana VVU na anatumia dawa. Haukukuta hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake. Mirija ikiwa wazi, huenda hamhitaji maabara kabisa.

Sisi tuliihitaji: mayai yatolewe, yarutubishwe nje, kiinitete kirudishwe tumboni. Kabla hujalipa chochote, uliza kama kituo kinapokea wenye VVU na viinitete vitahifadhiwa wapi, maana vituo vingine havina tangi la pembeni la kugandishia viinitete vya wenye VVU. Kimoja kilitukatalia kwa sababu hiyo, na nafuu walisema mapema. Mtajie daktari dawa zako zote, na usiache ARV hata siku moja kwa ajili ya sindano za mayai. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, anza kabla ya mimba.

Mara ya kwanza haikushika. Ya pili ikashika. Binti yetu amemaliza vipimo vyake vyote vya VVU, hana.