Juzuu ya 27 na Daftari Lililokaa Sandukuni Miaka Tisa

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja anayeandika hadithi za mfululizo na kuwatumia wasomaji wake kwa simu, sehemu moja kila Ijumaa. Aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nimefika sehemu ya 40 na sijui hadithi yangu nitaimalizaje. Wewe yako uliimalizaje?" Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, kisha nikaifuta. Jibu la kweli halienei katika mistari miwili, na sehemu yake kubwa nimeipata katika kazi ya mwanamke wa Kijapani ambaye sijawahi kumwona, Hiromu Arakawa, hasa katika juzuu ya 27, ambayo ni ya mwisho, ya manga yake (hadithi ya michoro ya Kijapani) Fullmetal Alchemist, ambayo niliifunga usiku mmoja wa Januari nikiwa nalia. Nalijibu swali hili hadharani kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnaandika au mnachora, na kila mmoja wenu ana daftari mahali fulani lenye hadithi iliyokatikia njiani.

Manga hiyo ilianza kuchapishwa mwaka 2001 katika Shonen Gangan, jarida la kila mwezi, ikakamilika Juni 2010 baada ya sura 108. Ndugu wawili, Edward na Alphonse Elric, wanajaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, elimu ya kugeuza kitu kimoja kuwa kingine; hilo ni tendo lililokatazwa kuliko yote katika elimu hiyo. Mdogo anapoteza mwili wake wote. Mkubwa anapoteza mguu wa kushoto, kisha anautoa mkono wake wa kulia ili roho ya mdogo wake ifungwe ndani ya vazi la chuma la vita. Yanayofuata ni miaka ya kutafuta njia ya kurudisha kilichopotea. Anayetaka kuisoma bila kujua mwisho wake aishie hapa, kwa kuwa siwezi kueleza nilichojifunza bila kuutaja.

Juzuu zangu, za tafsiri ya Kiingereza, zililetwa na binamu yangu anayeishi Muscat, ambaye kila alipokuja likizo alinibebea mbili au tatu ndani ya sanduku lake. Ya 26 na ya 27 zilikuja pamoja. Ya 26 niliimaliza usiku uleule. Ya 27 niliiweka juu ya kabati, ikakaa huko karibu miaka mitatu. Kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba naipenda mno hadithi hii kiasi cha kutotaka iishe, na watu walinielewa, kwa maana wapenzi wa manga wengi husema hivyo. Haikuwa kweli. Sikutaka kumtazama mwanamke mwingine akimaliza kitu cha aina ileile ambayo mimi nilishindwa kuimaliza.

Miaka tisa iliyopita nilikuwa na hadithi katika gazeti moja la kila wiki. Ilihusu dada wawili wa Pangani wanaolisaka jahazi la marehemu baba yao, lililouzwa kwa hila na mfanyabiashara mmoja tajiri. Mhariri aliipenda, lakini alisisitiza itoke kwa jina la mwanamume, akidai kwamba hakuna msomaji atakayeamini hadithi ya bahari iliyoandikwa na mwanamke. Nilikubali, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilitaka kuchapishwa. Baadaye nilipojua kwamba jina halisi la Arakawa ni Hiromi, na kwamba Hiromu ni jina la kalamu lenye sauti ya kiume, nilihisi kama nimepata ndugu, ingawa yeye jina lake alilichagua mwenyewe na mimi langu nilichaguliwa.

Sehemu ya 23 ilitoka ikiwa na neno "Itaendelea" chini yake, kama kawaida. Wiki iliyofuata, mahali pa hadithi yangu palikuwa na tangazo la viwanja. Niliandika barua tatu, sikujibiwa hata moja, na malipo ya sehemu sita za mwisho sijayapata mpaka leo. Jambo hilo bado linaniuma, na sioni sababu ya kudai kwamba limeniisha. Lakini kuna jambo jingine ambalo kwa miaka tisa sikumwambia mtu, hata mama yangu. Wiki ile hadithi ilipokatwa, sehemu ya 24 haikuwepo. Sikuwa nimeiandika wala sikuwa na wazo lolote la kuiandika, kwa sababu tangu sehemu ya 15 nilikuwa nikiwakimbiza dada wale kutoka Pangani hadi Pemba, na kutoka Pemba hadi Mombasa, nikisubiri mwisho unijie wenyewe.

Nimesoma watu wengi wakizungumzia vita na mapigano ya manga hii, na nakiri kwamba ni mazuri. Kurasa ambazo mimi nimezirudia mara nyingi kuliko nyingine hazina pigano hata moja. Zimo katikati ya mfululizo. Edward anarudi kijijini kwao, Resembool, anafika penye majivu ya nyumba yao ambayo yeye na mdogo wake waliichoma siku walipoondoka, na ambayo tarehe yake ameichonga ndani ya saa yake ya mfukoni ili asiisahau. Kwenye kaburi la mama anamkuta baba yake, aliyewatelekeza zamani. Edward ameamini siku zote kwamba waliichoma nyumba ili wasiwe na pa kurudi. Baba yake anamwambia kwamba waliichoma ili kuficha walichokifanya. Maneno hayo yanamchoma. Ndipo anapochukua sepetu na kwenda, pamoja na bibi Pinako aliyewalea, kuyafukua mabaki ya kile kiumbe walichokizalisha usiku ule walipojaribu kumfufua mama. Mvua inanyesha. Anatapika, anachimba, anatapika tena, bibi anamsihi aache, naye anaendelea. Hatimaye wanaona kwamba nywele ni nyeusi, ilhali za mama hazikuwa nyeusi, na mfupa wa paja ni mrefu mno kuwa wake. Yule hakuwa mama yao kamwe. Ndugu hao walikuwa wamebeba kwa miaka yote dhambi ya kumwua mama yao mara ya pili, na dhambi hiyo haikuwepo. Tumaini la kumrudisha Alphonse linaanzia katika shimo lile la matope, kwa sababu mtu mmoja amekubali kuutazama uso wa kosa lake.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na pengine ndio wa pekee, ni huu: fukua. Usianze hadithi mpya ili uikimbie ile ya zamani. Mimi nilianza nne, na zote zilikatika mahali palepale, kati ya sehemu ya 15 na ya 20.

Ushauri wa pili unahusu malipo. Sheria kuu ya ulimwengu wa Arakawa ni ubadilishanaji wa thamani sawa: ili upate kitu, lazima utoe kingine chenye thamani hiyo. Msomaji anaambiwa sheria hiyo mapema kabisa, na huenda akaichukulia kuwa pambo. Arakawa amepata kueleza kwamba wazo hilo lilitokana na wazazi wake, waliokuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa huko Hokkaido na waliofanya kazi ngumu ili wapate kula. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika shamba hilo kwa miaka saba baada ya kumaliza sekondari, kisha mwaka 1999 akahamia Tokyo kuutafuta uchoraji, na hadi leo katika vichekesho vyake hujichora kama ng'ombe aliyevaa miwani. Nadhani ndiyo maana sheria yake haina harufu ya kitabuni. Anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe haelezwi na mtu kwamba maziwa yana gharama.

Katika juzuu ya mwisho sheria ile inadai haki yake. Alphonse anaitoa roho yake ili kaka yake arudishiwe mkono na kumshinda adui. Edward anashinda, lakini mdogo wake hayupo. Kila aliyesimama karibu ana njia nyepesi: mmoja anampa Jiwe la Mwanafalsafa, ambalo limetengenezwa kwa roho za watu, na baba yake anajitolea uhai wake. Edward anavikataa vyote viwili, anaketi na kuwaza, kisha anakwenda kwenye Lango la Ukweli na kulitoa lango lake mwenyewe, maana yake alkemia yote aliyokuwa nayo, kile kilichomfanya awe mtu mashuhuri tangu akiwa mtoto. Anampata mdogo wake. Mguu wake wa kushoto unabaki ule wa bandia, wa chuma. Nilipofika hapo niliweka juzuu kifuani, kwa sababu nilielewa kwa nini dada zangu wa Pangani walikuwa wakizunguka baharini bila kufika: hakuna aliyekuwa analipa chochote. Tajiri alikuwa mbaya, wao walikuwa wema, na jahazi lilikuwa mbele daima.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda Muheza kwa mama, nikalivuta sanduku la bati kutoka mvunguni mwa kitanda, nikatoa daftari. Nilisoma sehemu zote 23 barazani, na nyingi zilinitia uchungu. Lakini katika sehemu ya 3, katika sentensi moja niliyoiandika bila kufikiri, dada mkubwa anatia dole gumba kwenye karatasi aliyoletewa na mfanyabiashara, siku ya arobaini ya baba yao, na sikuirejea karatasi hiyo mahali popote. Nilikaa na sentensi hiyo hadi magharibi. Jahazi halikuibwa. Dada mkubwa ndiye aliyeliuza, akafahamu baadaye alichokifanya, na safari yote ile ya kumsaka tajiri aliianzisha yeye ili mdogo wake asije akajua. Mwisho niliokuwa nikiusubiri kwa miaka tisa nilikuwa nimekwisha kuuandika.

Sitaeleza wiki zilizofuata, kwani zilikuwa za kuandika tu. Machi mwishoni hadithi ilikamilika, kurasa 61 za mkono, na ukurasa wa kwanza una jina langu mwenyewe. Mama aliisoma kwa siku mbili. Najivunia kazi hiyo, na sitaki kuupunguza uzito wa neno hilo.

Nawaambia basi ninyi mnaoandika: kabla ya kuitafuta sehemu ya mwisho, rudieni sehemu za kwanza, mzisome kwa utulivu, mtafute kitu mlichokiweka mezani mkakisahau. Msiwaachie wahusika wenu njia ya bure. Na kabla ya kumlaumu mhariri, au wasomaji wasiotoa maoni, au umeme, jiulizeni kama sehemu inayofuata ipo. Wasomaji wetu wamevumilia mno hadithi zinazoishia katika "Itaendelea" ya milele. Neno hilo ni ahadi, na msomaji aliyetoa pesa yake au saa yake ya usingizi anastahili kutimiziwa. Katika sura ya mwisho Alphonse anasema kwamba akipokea kumi ataongeza moja lake na kuwapa wengine kumi na moja. Mwandishi aliyepokea subira ya watu kwa miaka asiwarudishie chini ya hapo.

Binti yule nimemwomba anitumie sehemu ya 1, ya 2 na ya 3, na ile ya 40 aiweke kando kwanza. Alizituma jana jioni. Katika sehemu ya 2, mama wa mhusika mkuu anafunga chumba cha uani kwa kufuli na kumkabidhi jirani ufunguo. Leo asubuhi nilimpigia simu kumwuliza kama ufunguo huo unaonekana tena mahali popote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ngoja dada, nikatazame."