Kupiga filamu ndani ya majumba ya zamani ya sinema: mnauliza, tunajibu

Nataka kupiga filamu fupi mbele ya Majestic, jumba la zamani la sinema la Vuga, Zanzibar. Kisa changu ni cha mwaka 1952. Ruhusa naomba wapi?

Kibali cha kupiga filamu hutolewa na Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni. Peleka muswada, tarehe, orodha ya watu na ya vifaa. Kibali hicho hakikufungulii mlango: mwenye jengo au msimamizi wake muandikie barua yake mbali. Ukitaka kupaka rangi, kupiga msumari au kutundika bango, kaonane kwanza na Mamlaka ya Hifadhi ya Mji Mkongwe, maana mji wote ni urithi wa dunia tangu 2000. Droni ina ruhusa zake peke yake.

Lakini kisa chako kina tatizo. Jumba la mwanzo pale, lililofunguliwa kwa jina la Royal, liliungua 1954. Hili tunaloliona lilifunguliwa 1955. Sogeza kisa hadi 1956, au kamera isiuone uso wa jengo.

Taa zetu mbili ni za wati 2,500 kila moja. Tuchomeke ukutani?

Hapana, tafadhali. Kwenye volti 230 taa moja hula karibu ampea 11, mbili ni 22, na soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Tena waya za majumba haya ni za zamani. Mpira wake umekauka, ukiukunja unapukutika. Kodini jenereta ya kVA 8, ikae nje, upande upepo unakoelekea, moshi usirudi ndani. Kila taa iwe na waya wake. Waya wa milimita 2.5 za mraba wenye urefu wa mita 50 hupoteza kama volti 10 kwa taa moja; wa milimita 4 hupoteza 6. Ufungueni wote hata mkihitaji mita 20 tu. Ukiachwa umeviringwa unapata moto, ganda linayeyuka, na mbao za jukwaa ziko pale pale chini yake.

Mbao zenyewe zipimeni kwa bisibisi kabla ya kuweka reli ya kamera. Ikizama bila nguvu, mchwa wameshamaliza kazi. Na kreni ya kamera isipande balkoni kabisa, hata mkiambiwa zamani walikaa watu mia.

Picha inapepesa nikiwasha taa za ukumbini.

Umeme wetu ni wa hertz 50, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda wa mwanga kuingia kwenye kamera) ya sekunde 1/50.

Mwangwi umetushinda. Viti vyote vimeng'olewa.

Viti na watu ndivyo vilivyokuwa vikimeza sauti. Tundikeni mablanketi mazito nyuma ya kamera na pembeni, yaachane na ukuta kiasi cha shubiri, na tandikeni mengine chini, nje ya picha. Maikrofoni iwe nusu mita kutoka mdomoni. Rikodini dakika moja ya ukumbi mtupu, mtaihitaji kwenye kuhariri. Ratiba ya mazungumzo ipangeni kwa nyakati za sala; Mji Mkongwe misikiti imekaribiana, na adhana moja hufuatiwa na nyingine.

Chumba cha mashine tumekuta makopo ya filamu kuukuu. Tuyatumie kama mapambo?

Msiyafungue. Filamu za zamani zaidi, za kabla ya miaka ya 1950, huenda ni za naitreti: hushika moto upesi na huendelea kuwaka hata ndani ya maji, kwani hutoa oksijeni yao wenyewe. Ndiyo maana vidirisha vya chumba kile viliwekewa vifuniko vya chuma vya kuanguka moto ukitokea. Msisogeze taa ya moto karibu, na mwambieni msimamizi siku hiyo hiyo. Harufu ya siki ni dalili ya filamu ya asetati inayooza. Hiyo hailipuki, ila isikae karibu na nyingine. Kwa mapambo tumieni makopo matupu.

Lenzi inaingia ukungu kila tukifika.

Mnatoka kwenye gari lenye kiyoyozi. Iacheni ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 45 humo ukumbini, ndipo mfungue.